Mkristo na Ulinzi wa Mambo ya Kale

Katika kila kijiji wapo watu wa namna mbili. Wa kwanza akisikia neno jipya kutoka mjini hulipokea mara moja, kana kwamba upya peke yake ni ushuhuda wa wema. Wa pili hutikisa kichwa na kuuliza: "Wazee walifanyaje?" Katika mambo ya serikali huyu wa pili huitwa mhafidhina, maana yake mtu ahifadhiye yale aliyoyakuta. Hupenda ardhi ikae mikononi mwa jamaa zilizoilima, mwami aheshimiwe, wazazi walee watoto wao bila kuingiliwa, na sheria za nchi zisigeuzwe kila mwaka.

Wakatekumeni wengine, hasa vijana, huuliza kama mtu wa namna hiyo aweza kuwa Mkristo kweli. Je, abatizwaye haachi maisha ya zamani apate kuanza mapya? Na wazee wengine huuliza kinyume chake: je, yuko Mkristo kweli asiyeshika mambo ya kale? Maswali haya hayafai kupuuzwa. Katika nchi ya Kashebere, pale Masisi na Walikale zinapokutana, neno hili "mila ya mababu" limekwisha kuleta amani mara nyingi, na tena limekwisha kumwaga damu. Huenda mkatekumeni akaitwa barazani kabla hajaitwa kwenye maji ya ubatizo. Imempasa ajue la kujibu.

Kwanza ijulikane kwamba kuhifadhi si dhambi. Amri ya nne yamwagiza kila mtu kuwaheshimu baba na mama yake. Hakuna mtu aliyejifundisha kusema mwenyewe, wala aliyepanda mgomba wa kwanza aliouona nyuma ya nyumba yao. Alivipokea. Basi asiyejali yaliyotangulia hukosa shukrani, na asiye na shukrani kwa wazazi anaowaona atamshukuruje Mungu asiyemwona?

Tena Eklezia imefundisha jambo hili waziwazi. Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII alieleza kwamba jamaa ilikuwako kabla ya serikali, na kwamba mtu ana haki ya kumiliki mali aliyoipata kwa jasho lake. Mwaka 1931 Baba Mtakatifu Pius XI alifundisha kwamba kazi iwezayo kufanywa na kundi dogo isinyang'anywe na kundi kubwa. Mwanakijiji huelewa fundisho hilo bila kitabu. Mpaka wa mashamba mawili ya mihogo wajulikana na wazee walioshuhudia miti ya mpaka ikipandwa. Afisa akaaye mbali haujui, hata awe na karatasi nyingi namna gani.

Na historia ya Kongo yaonyesha hasara ya kubadili mambo kwa pupa. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba makubwa ya wageni yatatwaliwa na kupewa wananchi. Neno lilikuwa tamu masikioni. Lakini mali ile iliangukia wakubwa na rafiki zao, wengi wao wasiojua kazi ya duka wala ya shamba, na baada ya muda mfupi maduka yakawa matupu. Katika mwaka uo huo sheria ya ardhi ilisema ardhi yote ni mali ya serikali, na kwamba haki za watu waishio kwa kufuata desturi zitaelezwa baadaye kwa amri ya rais. Mobutu aliondoka katika utawala mwaka 1997, na amri hiyo alikuwa hajaitoa. Hivyo mwenye karatasi alipata vilima vya malisho huko Masisi, na mkulima aliyekuwa na neno la wazee tu akabaki bila ngao. Mtu aliyeyaona hayo akiogopa amri mpya, asichekwe. Woga wake una akili.

Lakini hapa yafaa kutazama kwa uangalifu. Si kila asemaye "ya kale" ni mlinzi wa ya kale. Mobutu huyo huyo ndiye aliyewahubiria watu warudie asili yao. Mwaka 1971 alibadili jina la nchi ikaitwa Zaire. Mwaka 1972 akawaamuru raia waache majina ya Kikristo na kuchukua majina ya mababu peke yake, na mapadri wakatishiwa kifungo wakibatiza mtoto wa nchi kwa jina la kigeni. Mwaka 1974 Noeli ikaondolewa katika sikukuu za taifa. Yote hayo yalifanywa kwa jina la wazee. Lakini wazee wenyewe hawakuulizwa. Babu wa kijijini hakupata kuagiza kwamba mtu mmoja atawale nchi nzima kwa chama kimoja, wala kwamba mama akatazwe kumwita mtoto wake Maria.

Kardinali Yosefu Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alipinga jambo hilo. Mwaka 1972 akafukuzwa katika nyumba yake, akaenda Roma kwa miezi kadhaa. Je, Malula alidharau mambo ya mababu? Hata kidogo. Yeye ndiye aliyefanya kazi miaka mingi ili Misa iadhimishwe kwa namna ya Kiafrika. Roma iliikubali ibada hiyo mwaka 1988, na ndani yake wanakumbukwa mababu walioishi kwa unyofu wa moyo. Tazama tofauti. Mobutu aliwataja mababu ili apate nguvu juu ya walio hai. Malula aliwataja ili walio hai wamwabudu Mungu pamoja nao. Neno lilikuwa moja, lakini kazi zilikuwa mbili.

Bwana Yezu mwenyewe ametuachia kipimo. Siku ya sabato alikuwa na desturi ya kwenda katika sinagogi, naye alisema wazi kwamba hakuja kuitangua Sheria. Lakini katika sinagogi, siku ya sabato, alimwona mama aliyepindana mgongo miaka kumi na minane, akamponya, ijapokuwa mkuu wa sinagogi alikasirika. Tena aliwakemea watu waliotumia desturi ya sadaka ili wasiwatunze wazazi wao wazee. Basi Bwana hakuidharau desturi, bali aliiuliza: wewe wamtunza nani, na nani aumia kwa ajili yako?

Swali hilo na liletwe sasa Masisi na Walikale, mahali linapouma. Kuanzia mwaka 1937 hadi mwaka 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta Masisi makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, ili wapate ardhi na tena wafanye kazi katika mashamba ya Wazungu. Mwananchi wa kawaida hakuulizwa. Mzee wa Kihunde asemapo, "Nchi hii tumeachiwa na mababu," hasemi uongo. Mzee wa Kinyanga asemapo kwamba heshima ya mwami wake ilipunguzwa, naye hasemi uongo. Machungu yao ni ya kweli, na Mkristo asiyapuuze.

Lakini hasira ilipotawala, nini kilitokea? Tarehe 20 Machi 1993, sokoni Ntoto, katika Walikale, wenye silaha wa upande wa wenyeji waliwaua makumi ya Wanyarwanda waliokuwa hapo. Vita vikaenea Masisi. Wanyarwanda nao wakajipatia silaha, wakaua na kuchoma nyumba za wenyeji. Kwa miezi michache walikufa maelfu ya watu, na wengi sana wakakimbia mashamba yao. Kila upande ulisema walinda yaliyo yake. Na kati ya hao walikuwamo wabatizwa, waliokuwa wamepiga magoti mbele ya altare moja.

Hapa ndipo mhafidhina Mkristo apaswa kufikiri kuliko wengine wote, kwa sababu imani yake ya siasa yamlazimisha. Yeye husema kwamba kilichodumu muda mrefu chastahili heshima. Vema. Lakini yule jirani ambaye babu yake aliletwa mwaka 1937, baba yake alizaliwa hapo, na wote wawili wamezikwa chini ya kilima kile kile, je, makaburi hayo si mambo ya kale? Shamba alilolima kwa vizazi vitatu, je, si urithi? Asemaye kwamba jamaa yatangulia serikali, na akubali kwamba jamaa ya jirani pia yaitangulia. Asemaye kwamba mali ya jasho ni haki, asitazame jasho limetoka mwilini mwa kabila gani. Akishika kanuni hiyo kwa ajili ya watu wake peke yao, huyo si mhafidhina tena. Ni mwenye nguvu atafutaye kisingizio, na kesho mwenye nguvu zaidi atamfanyia yeye vivyo hivyo.

Mfano wa mtu aliyehifadhi kwa haki wapatikana katika nchi jirani ya Uganda. Benedicto Kiwanuka alikuwa Mkatoliki na mwanasheria. Aliongoza Chama cha Demokrasia, kilichoanzishwa mwaka 1954, ambamo Wakatoliki walikuwa wengi na ambacho kiliupinga ukomunisti. Mwaka 1962 alikuwa waziri mkuu kwa muda mfupi. Mwaka 1971 Idi Amin alimfanya jaji mkuu. Mwezi wa Septemba 1972 aliletewa shauri la Mwingereza mmoja aliyekamatwa na askari bila sheria. Wakati ule kumtetea mgeni kulikuwa kujitafutia kifo. Lakini sheria ya zamani ilisema mtu asifungwe bila sababu ionyeshwayo mbele ya jaji, naye Kiwanuka akaamuru aachiliwe. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wa Amin walimkamata jaji huyo katika jengo la Mahakama Kuu, Kampala, naye akauawa. Alilinda jambo la kale, yaani sheria, na alililinda kwa ajili ya mtu asiyekuwa wa kabila lake wala wa nchi yake. Huo ndio uhafidhina ambao Mkristo hana sababu ya kuuonea haya.

Je, basi, kila Mkristo yampasa kuwa mhafidhina? Hapana. Julius Nyerere wa Tanzania alikuwa Mkatoliki mwenye kupenda Misa, naye alichagua njia nyingine. Ijapokuwa alikuwa mwana wa mtemi wa Wazanaki, serikali yake iliondoa utawala wa machifu mwaka 1963, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaelekeza nchi kwenye Ujamaa. Mhafidhina aweza kusema kwamba hapo yalikuwamo makosa, hasa watu walipohamishwa kwa nguvu kuingizwa vijijini katika miaka iliyofuata. Aweza kusema hivyo kwa uhuru. Lakini hana ruhusa ya kusema kwamba Nyerere hakuwa Mkristo. Eklezia haikumpa mtu yeyote kadi ya chama siku ya ubatizo. Imempa amri za Mungu, nazo humhukumu mpenda mapya na mpenda ya kale kwa mizani moja.

Kwa hiyo, wapendwa wakatekumeni, yule kijana asiogope kwamba heshima yake kwa mwami na kwa desturi njema itamzuia kuufikia ubatizo. Na yule mzee asidhani kwamba heshima hiyo yatosha badala ya ubatizo. Chukua mfano wa mjane. Mume wake amefariki, na ndugu za marehemu wataka kulitwaa shamba la maharagwe analolilima kwa kulisha watoto. Wasema, "Ndiyo desturi." Mzee Mkristo akiwa barazani afanyeje? Asiseme kwamba desturi zote ni upuzi. Na awakumbushe kwamba desturi iliweka ardhi mikononi mwa jamaa ili watoto wa jamaa wasilale njaa. Kumfukuza mama yao ni kuivunja desturi hiyo katika maana yake, hata kama maneno yake yamefuatwa. Akisema hivyo na kusimama imara, atakuwa ameihifadhi kuliko wao.

Itakuja siku, katika uchaguzi au katika ugomvi wa mpaka, mtu atakapofika na karatasi au na panga akisema, "Njoo tuilinde nchi ya mababu." Kabla ya kuinuka, mkatekumeni ajiulize mambo haya mbele ya Mungu. Kitu hiki ninachoitiwa kukilinda, nilikipokea kwa haki? Nani atalia nikikilinda kwa njia hii? Je, jirani yangu wa kabila lingine akidai haki hiyo hiyo kwa maneno hayo hayo, nitamkubalia? Akiona kwamba jibu la swali la mwisho ni hapana, na akae nyumbani kwake, hata wakimwita mwoga au msaliti. Mababu waliokwisha fika kwa Mungu hawahitaji damu ya jirani ili wakumbukwe.