Bustani ya Umma na Muziki wa Bure

Ewe ndugu msomaji, huulizwa: Je, yafaa wakubwa wa mji kuwapa waimbaji ruhusa ya kupiga muziki bure katika bustani ya umma? Wako wasemao, ni starehe ya maskini, na aachwe astarehe. Na wako wasemao, ni makelele na upuuzi, na yazuiliwe. Nasi twaona makundi yote mawili yamejibu kabla ya kulifahamu swali.

Hukumu ya vinanda ina mlango wake katika vitabu vya fiqhi, wala hatuufungui leo. Wala hatufichi kuwa moyo wetu hauelekei huko. Lakini kadhi hahukumu kwa kile akichukiacho. Swali letu ni la haki: uwanja huu ni wa nani?

Tutazame mji wa London. Hyde Park ilitwaliwa na mfalme mwaka 1536 iwe mahali pake pa kuwindia, kisha mwaka 1637 ikafunguliwa kwa raia. Tarehe 5 Julai 1969 kundi la Rolling Stones lilipiga muziki hapo pasi na kiingilio, na watu walihudhuria kwa malaki. Tajiri na fukara wakakaa juu ya majani mamoja. Hiyo ni kheri, wala haikanushiki.

Tutazame na New York. Tarehe 19 Septemba 1981 Simon na Garfunkel waliimba bure katika Central Park, mbele ya watu waliokisiwa nusu milioni, kwa niya ya kusaidia matengenezo ya bustani hiyo. Na Julai 1983, baada ya muziki wa bure wa Diana Ross hapo hapo, magenge ya vijana yaliwavamia watu na kuwanyang'anya. Aliyenyang'anywa hakunyang'anywa na wimbo, ila na mwizi. Na ulinzi wa umati ni amana ya aliyetoa ruhusa.

Basi fahamu kwamba kitu cha bure kina bei yake, ila hulipwa na mwengine. Mgonjwa aliye karibu na dirisha hulipa kwa usingizi wake, na mtunza bustani hulipa kwa majani yaliyokanyagwa, na wote wawili hawakushauriwa. Kwa hivyo twasema: ruhusa na itolewe kwa masharti matatu. Siku ziwe chache zenye kujulikana. Saa ya kunyamaza isivukwe. Na mwenye kukusanya watu aweke dhamana ya kurejesha uwanja kama alivyoukuta. Tarehe 14 Julai 2012, katika Hyde Park hiyo hiyo, ingawa siku ile watu walilipa kiingilio, Bruce Springsteen na Paul McCartney walizimiwa sauti kwa kuwa saa imepita. Haukutazamwa umaarufu wao, ilitazamwa haki ya majirani.

Na atakayesema yazuiliwe kabisa, na ajiulize nafsi yake. Kila Mfungo Sita sisi nasi twautaka uwanja kwa Maulidi, na sauti zetu huingia madirishani mwa watu wasioshiriki nasi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kipimo tunachowapimia wengine ndicho tutakachopimiwa. Basi na tukichonge sawa tungali twaweza.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.