Hiari Inapokuwa Deni

Soma 1 Samweli 2:18, 19 na Mhubiri 5:4, 5. Je, mtu anayefanya kazi bila kulipwa ana uhuru wa kuiacha siku yoyote apendayo?

Makanisani mwetu wapo vijana na akina mama wanaojitolea kuwafundisha kusoma watoto wa chekechea, wenye miaka minne au mitano, kabla hawajaingia darasa la kwanza. Hawana mshahara wala mkataba. Ndiyo maana mmoja wao asipofika huwa tunasema, "Tumlaumu kwa lipi? Anajitolea tu." Neno hilo "tu" linahitaji kuchunguzwa.

Ni kweli kwamba hakuna anayelazimishwa kuanza. Lakini tazama kinachotokea akishaanza. Mtoto hujifunza irabu a, e, i, o, u; kisha silabi ba, be, bi, bo, bu; kisha siku moja anagundua kuwa "ba" na "ba" zikikutana zinakuwa "baba". Kila hatua husimama juu ya ile iliyotangulia, na mtoto huishika kwa kurudiarudia. Mtu mzima akikosa somo anaweza kulisoma mwenyewe baadaye. Mtoto ambaye bado hajui kusoma hawezi. Na kama nyumbani hakuna kitabu, hana pa kulipata somo lililompita.

Mfanyakazi wa kuajiriwa asipofika kazini anaweza kukatwa mshahara, na hasara humrudia yeye. Anayejitolea asipofika, hakatwi kitu. Hasara yote hubebwa na mtoto, ambaye hana mahali pa kupeleka malalamiko. Hivyo kukosekana kwa mshahara hakupunguzi wajibu, ila kunaondoa mtu wa kutudai. Anayebaki ni Bwana mwenyewe, aliyesema kwamba kumpokea mtoto kwa jina lake ni kumpokea yeye (Mathayo 18:5).

Swali hili si geni. Mwaka 1780 Robert Raikes alianzisha shule ya Jumapili mjini Gloucester, Uingereza, ili watoto wa maskini, ambao wengi walifanya kazi siku nyingine za juma, wajifunze kusoma. Walimu wake wa kwanza walilipwa. Baadaye, shule hizo zilipoenea, kazi hiyo ilishikwa zaidi na watu wa kujitolea. Ujira uliondoka, lakini hitaji la watoto halikupungua.

Je, wajibu hauui upendo? Mtazame Hana. Alimtoa Samweli kwa nadhiri aliyoiweka kwa hiari yake, na bado kila mwaka alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea. Kanzu ya mwaka jana isingemtosha mtoto anayekua. Ilibidi ashone nyingine. Upendo wake ulikuwa na majira yake, na mtoto aliweza kuyategemea. Paulo naye anasema amewekewa sharti la kuhubiri, na papo hapo anaifurahia thawabu ya kuitoa Injili bila malipo (1 Wakorintho 9:16-18). Kwake sharti na hiari vilikaa pamoja.

Mhubiri anatuonya kwamba ni heri kutoweka nadhiri kuliko kuiweka bila kuiondoa. Basi anayeweza kutoa saa moja kila Jumatano kwa muhula mmoja, aahidi hiyo na kuitimiza. Ni bora kuliko kuahidi kila siku na kutoweka baada ya majuma mawili. Na kwa kuwa magonjwa na misiba huja, kanisa lisimwachie mtu mmoja darasa zima. Wakiwa wawili, mmoja akiugua, watoto hawataukuta mlango umefungwa. Vilevile kanisa linalomwacha mwalimu ajinunulie chaki na kujilipia nauli, kisha likamlaumu anapochoka, nalo lina sehemu yake katika deni hilo.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni ahadi gani ndogo unayoweza kuitimiza kwa mtoto mwaka huu, bila kukosa?

2. Mtu anayejitolea akipata kazi ya mshahara katikati ya muhula, anawadai nini watoto aliowaanzishia masomo, nao wanamdai nini? Toa sababu za jibu lako.

3. Katika kanisa lenu, ni mzigo gani umebebeshwa mtu mmoja kwa jina la kujitolea? Mwaweza kumsaidiaje juma hili?