Kuvunja Kufuli na Kukataa Kufuli

Swali ninalolijadili katika insha hii linaweza kuonekana kuwa la mafundi wa kompyuta, lakini mimi naliona kuwa ni la maadili. Kuna mtu anayetumia programu bila kulipa kwa sababu mwingine amelivunja kufuli lake. Kuna mtu anayetumia programu bila kulipa kwa sababu walioitengeneza waliamua kutoifunga. Wanatofautiana kwa lipi? Mfuko wa mwanafunzi hauoni tofauti. Kazi nayo ni ileile: insha inaandikwa, filamu inatazamwa, mpira unachezwa usiku. Wenzangu wengi wanaona hata kuuliza ni kujitafutia mzigo. Nitajaribu kuonyesha kwamba tofauti ipo, kwamba ina gharama, na kwamba gharama hiyo huonekana katika michezo kuliko katika kazi.

Ninasoma Kampala, na kompyuta zetu nyingi hapa ni mitumba. Zilitumika kwanza katika ofisi za watu wengine, kisha zikafika madukani mjini, zikafutwa vumbi na kuwekewa Windows upya. Suala la leseni halizungumzwi. Yangu nayo ilikuja hivyo, na muuzaji aliisifu kwamba kila kitu kimo ndani. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya Uganda ya mwaka 2006 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu, lakini sijawahi kumsikia mwanafunzi akiitaja anapopatana bei.

Kisha ikafika tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inataka kompyuta yenye kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, masharti ambayo mitumba mingi haiyatimizi. Katika hosteli zetu zikabaki njia mbili. Ya kwanza ni kuilazimisha Windows 11 iingie kwa hila, juu ya leseni isiyolipiwa. Ya pili ni kuhamia mfumo endeshi huria. Nilichukua ya pili, nikaweka Linux Mint. Kuhusu matumizi ya kila siku sina mengi ya kusema: flashi moja, alasiri moja, LibreOffice ya kuandikia, Firefox ya intaneti. Aliyezoea Windows ataikuta menyu palepale, chini kushoto.

Mwenzangu wa chumba, anayesoma uchumi, hakuona sababu ya kuhama. Hoja yake ni nzito na sitaki kuipuuza. Anasema kampuni kubwa haipotezi chochote sisi tunapotumia nakala isiyolipiwa, kwa kuwa tusingeinunua kwa vyovyote. Tena, anasema, kampuni inafaidika: tunahitimu tukijua bidhaa yake peke yake, tunaingia ofisini, na ofisi inalazimika kuinunua kwa ajili yetu. Kwa hiyo wizi huu hauna anayeibiwa.

Nimeifikiria hoja hiyo kwa muda mrefu, na naona kwamba inamshinda mwenyewe. Ikiwa kuchukua kwetu kunamnufaisha mwenye mali, basi sisi si waasi hata kidogo. Ni watangazaji wake wasiolipwa. Anayevunja kufuli bado anaikiri nyumba ile kuwa ndiyo nyumba pekee ya kuishi. Anachobishia ni kodi tu. Hawezi kuifungua programu aone inafanya nini, hawezi kuirekebisha, na ikiharibika hana wa kumlalamikia. Zaidi ya hayo amemwamini mtu asiyemjua, yule aliyelivunja kufuli, kwamba hakuacha kitu chake ndani. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Cha kuiba, nadhani, husitiri kidogo zaidi, kwa sababu angalau nguo ya kuazima unaweza kumuuliza mwenyewe imefumwaje.

Hapa lugha yetu inatusaidia. Kiingereza kina neno moja kwa kisicholipiwa na kisichofungwa, na watetezi wa programu huria wamekuwa wakilieleza neno hilo tangu Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Kiswahili hakina shida hiyo. Bure ni bure, huria ni huria. Na bure ina maana nyingine ambayo kila msemaji anaijua: kazi bure ni kazi iliyopotea. Stallman aliutaja uhuru wa aina nne: kuiendesha programu kwa kusudi lolote, kuichunguza na kuibadilisha, kuwapa wengine nakala, na kuwapa wengine nakala uliyoibadilisha. Bei haimo katika orodha hiyo. Aliye na nakala iliyovunjwa kufuli ana bure bila huria. Linus Torvalds alipotangaza Linux mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 21, yaani rika letu, na mwaka uliofuata aliiweka chini ya leseni ya GNU, inayomtaka anayesambaza toleo alilolibadilisha awape wapokeaji haki zilezile alizozipata yeye. Hapo pana kupokea na pana wajibu.

Hadi hapo hoja ni rahisi, na mtu anaweza kunituhumu kwamba ninajisifia wema usionigharimu kitu. Ndiyo maana ninakuja kwenye michezo.

Michezo mingi imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Ili iende kwenye Linux, hutumika Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, na Proton, ambayo kampuni ya Valve iliitoa mwaka 2018 juu ya msingi wa Wine. Wanafunzi wa tafsiri watapenda kujua kwamba kazi yake ni ya ukalimani: mchezo unaomba kitu kwa lugha ya Windows, Wine inalifikisha ombi kwa lugha ya Linux, na mchezo haujui kwamba uko ugenini. Tangu Valve ianze kuuza Steam Deck mwaka 2022, kifaa cha michezo kinachotumia Linux, ukalimani huo umekuwa mzuri kiasi kwamba michezo mingi ya mtu mmoja huenda bila shida.

Inayokwama ni ile ya kuchezwa na watu wengi kwa mtandao, na haikwami kwa sababu za kiufundi peke yake. Valorant, kwa mfano, hutumia programu ya kuzuia udanganyifu iitwayo Vanguard. Programu hiyo huanza kazi kompyuta inapowashwa, tena katika kiini cha mfumo, mahali panapotawala kompyuta nzima, na ni ya Windows tu. Apex Legends uliwaruhusu watumiaji wa Linux hadi mwaka 2024 ulipokaribia kwisha. Kisha wenye mchezo wakafunga mlango, wakieleza kwamba uwazi wa Linux unawapa wadanganyifu mwanya.

Hoja ya wenye mchezo ni ya kimaadili na inastahili jibu la kimaadili. Wanasema: uhuru wako wa kubadilisha chochote ndani ya kompyuta yako ni uhuru wa kubadilisha pia yale yanayonihusu mimi ninayecheza nawe. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, aliuwekea uhuru wa mtu mpaka pale unapowadhuru wengine. Nikicheza peke yangu, hakuna wa kudhurika. Nikicheza na wewe, haki yako ya mchezo safi inaanza. Nakubali hilo lote. Nisichokubali ni dawa yenyewe. Kumtaka mtu akabidhi funguo za nyumba nzima ili aaminiwe kwenye ukumbi mmoja ni kudai kingi mno.

Fikiria omweso, mchezo wetu wa ubao wenye mashimo 32 na kete 64. Mikono ya wachezaji wazuri ina kasi ambayo jicho la mgeni haliwezi kuifuata, na kudanganya kungekuwa rahisi sana. Wanaozuia udanganyifu ni watazamaji walioinama juu ya ubao, wanaohesabu kete kimoyomoyo na kupiga kelele moja ikienda kombo. Wanaulinda mchezo kwa kuutazama mchezo. Hakuna anayekwenda kupekua nyumbani kwa mchezaji. Kwenye kompyuta nako, seva inaweza kukagua mienendo ya wachezaji bila kuingia katika kiini cha mashine zao. Counter-Strike 2 unachezwa kwenye Linux hadi leo. Easy Anti-Cheat na BattlEye, programu nyingine mbili za kuzuia udanganyifu, zinaweza kufanya kazi kupitia Proton mwenye mchezo akiruhusu. Kwa hiyo kufunga mlango ni uamuzi, na uamuzi una mtu wa kuujibu.

Lakini nami ninadaiwa jibu. Michezo ninayocheza kwenye Mint ninaipata kupitia Steam, ambayo si programu huria, na michezo yenyewe ina makufuli yake. Je, si nimekataa kufuli la mlango wa mbele na kulikubali la chumbani? Stallman aliandika kuhusu jambo hilo mwaka 2012, Valve ilipokuwa ikijiandaa kuileta Steam kwenye Linux. Alisema kwamba michezo ya aina hiyo si ya haki popote inapochezwa, lakini kwa anayeicheza, ni afadhali aicheze kwenye mfumo huria kuliko kwenye Windows. Ni jibu la mtu mkali aliyelegeza kidogo, na mimi nalikubali kwa sababu yangu. Mchezo uliofungwa ni kama filamu: naingia, natoka, maisha yangu hayahifadhiwi humo. Mfumo endeshi unahifadhi barua zangu, picha za mama yangu na kazi ya miaka mitatu. Si makufuli yote yana uzito mmoja, ingawa najua kwamba kila mwenye dhambi hupenda kusema hivyo.

Gharama iliyoniuma haikuwa ya Valorant, mchezo ambao bando za wanafunzi haziumudu sana. Ilikuwa ya Ijumaa jioni. Chumba chetu ndicho kilichokuwa uwanja wa mpira: pedi mbili, kompyuta yangu yenye kioo kikubwa, watu sita au saba kitandani wakingoja zamu. Mchezo wenyewe ulikuwa nakala iliyovunjwa kufuli. Nilipohamia Linux mwenzangu mmoja akagundua kwamba Wine ingeweza kuubeba. Ningeweza basi kuwa na mfumo huria na, ndani yake, mchezo ulioibwa. Nikakataa, kwa sababu kama ningekubali, kila nililolieleza hapo juu lingekuwa maneno. Wakaniita mlokole wa kompyuta, wakacheka, wakahamia chumba cha jirani.

Jina hilo la mlokole lina busara kuliko waliolitoa walivyokusudia. Aliyeokoka ana hatari ya kuupenda usafi wake kuliko anavyowapenda watu. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alipoanzisha toleo lake la Linux mwaka 2004 aliliita Ubuntu, yaani utu, na Mint ninayoitumia imejengwa juu ya Ubuntu. Waganda husema obuntu bulamu, na utu huo hauwezi kuwa wa mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Ikiwa uhuru wangu umekiacha chumba kitupu, ni utu gani huo? Nimelitafutia swali hili jibu zuri nisilipate. Ninachoweza kusema ni kwamba gharama ya kukataa kufuli naweza kujitoza mwenyewe, lakini sina haki ya kumtoza mwingine bila ridhaa yake. Hivyo siwahubirii. Anayeuliza namsaidia, hata ikinichukua usiku mzima, kwa sababu mimi nami nilisaidiwa na watu nisiowajua.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa ya kampuni yoyote ili kuitafsiri. Menyu za Mint yangu nimeziweka kwa Kiswahili, na maneno mengi bado yanatokea kwa Kiingereza kwa sababu hayajatafsiriwa. Anayevunja kufuli hana la kufanya mbele ya neno kama hilo. Mimi nina la kufanya, na kwa mwanafunzi wa Kiswahili sioni ninavyoweza kujifanya silioni.

Mwezi uliopita mwenzangu wa chumba aliniomba nimwekee Mint kwenye kompyuta yake, kwa ajili ya tasnifu, kwa kuwa virusi vilikuwa vimemla faili mbili. Alitaka pia Windows yake ibaki kwa ajili ya mpira. Nikamgawia diski sehemu mbili, ya Windows sikuigusa, wala sikumuuliza leseni. Siku za kazi anaandika kwenye Mint na kunisumbua kuhusu tafsiri ya menyu, ambayo anasema ina maneno magumu kuliko uchumi. Ijumaa anaiwasha ile nyingine na kwenda chumba cha jirani, nami siku hizi huenda naye kutazama.