Aliyenunua Shamba Wakati wa Vita

Kuna swali linanisumbua siku hizi. Mtu akizima simu ili asisikie habari mbaya, halafu aseme ana tumaini, hilo ni tumaini kweli ama ni usingizi tu?

Nauliza kwa sababu ya mtoto wa kaka yangu. Amemaliza chuo miaka mitatu sasa, na kazi bado. Asubuhi, kabla chai haijachemka, ashapitia mambo mia kwenye simu: kampuni fulani imefuta watu, kodi imepanda, mwenzake wa darasa yuko ng'ambo anapiga picha kwa theluji. Kila jambo nusu dakika, kidole kinasukuma, lingine linakuja. Majuzi akaniambia, "Anti, hii nchi imeisha." Jirani aliyekuwa amekaa hapo akamshauri: zima hiyo simu, kijana, uwe na imani.

Ushauri huo siupendi. Tumaini la kutojua litadumu mpaka siku mtu atakaponunua bando tena. Na simu yenyewe si adui. Mama mmoja wa ushirika wetu macho yamechoka, Biblia yake ya zamani haisomeki tena kwake. Kwa simu anakuza herufi mpaka maneno mawili yanajaza kioo, na kwa kusoma anatushinda sisi sote wenye macho mazima.

Shida naiona kwingine. Hebu tuangalie Yeremia 36. Baruku ameandika kwa wino yote aliyotamkiwa na nabii, na gombo hilo likasomwa mara tatu kwa siku moja: mbele ya watu hekaluni, mbele ya wakuu, halafu mbele ya mfalme Yehoyakimu. Ulikuwa mwezi wa tisa, baridi, mfalme anaota moto. Kila zikisomwa kurasa tatu au nne, anazikata kwa kisu na kuzitupa kwenye makaa, mpaka gombo lote likaisha. Huyo alisomewa kila neno, lakini hakuna lililobaki naye. Ninapoona kidole cha yule kijana kikisukuma kioo, nakumbuka kile kisu. (Na changu pia, tusidanganyane.) Habari iliyokatwa vipande vipande haimpi mtu nafasi ya kuuliza: hii ilianzia wapi, nani aliwahi kupitia kama hii, na akafanya nini?

Baruku aliandika upya gombo lote, na maneno mengine yakaongezwa.

Sasa rudi nyuma sura ya 32. Kitabu hiki hakifuati mpangilio wa miaka, kwa hivyo mambo ya sura ya 32 yalitokea zaidi ya miaka 15 baada ya lile gombo kuchomwa. Jeshi la Babeli limezingira Yerusalemu. Yeremia amefungwa katika uwanja wa walinzi, na kosa lake ni kusema ukweli kwamba mji utaanguka. Huwezi kumwambia mtu huyu ati hajui habari. Yeye ndiye habari mbaya! Basi anakuja binamu yake Hanameli kumuuzia shamba la Anathothi, kijiji kilicho nje ya kuta, upande ambao adui amejaa. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anatia sahihi, anaita mashahidi, na hati zinawekwa ndani ya chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Nani hununua ploti wakati kama huo?

Kinachonigusa zaidi ni mfuatano wake. Kwanza alilipa. Ndipo akaomba, na maombi yake yamejaa mshangao: Bwana, maboma ya adui yamefika mjini, nawe umeniambia ninunue shamba? Sisi tumezoea kungoja moyo utulie ndiyo tufanye kitu. Yeye fedha ilikuwa ishatoka.

Hata karibu nasi kuna mfano. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye juu ya kanisa alisema mengi nisiyokubaliana nayo, alifungwa Kamiti bila kushtakiwa, na mwaka wa 1978 akaandika riwaya nzima ya Kigĩkũyũ kwenye karatasi za choo. Askari jela wakazichukua katika msako. Baadaye zikarudishwa, akaendelea. Kitabu kikatoka 1980.

Kwa hivyo sikumwambia kijana azime simu. Nilimwomba anisomee sura ya 32 kwa hiyo hiyo simu, kwa sauti, mistari yote 44, bila kurukia kitu kingine. Ilichukua dakika chache tu. Mara mbili arifa ziliingia na nikaona kidole kinatetemeka. Alipomaliza akauliza swali ambalo watu wazima hawaulizi: "Na alipata kulima hilo shamba?"

Nikamwambia ukweli. Mji ulianguka, na baadaye watu wake mwenyewe wakamchukua mpaka Misri. Kitabu hakisemi mahali popote kwamba alirudi Anathothi.

Akanyamaza kidogo, akishika simu kifudifudi kwa goti. Kisha akauliza kama sura ya 33 ni ndefu.

"Mistari 26," nikamwambia.