Shahada ni Ushahidi



Ndugu zangu Waislamu wa Pwani, mmezoea kusoma katika kurasa hizi maneno juu ya sala na funga, ndoa na mirathi. Leo naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya mambo madogo madogo ya nyumbani: kazi wanazopewa watoto wetu shuleni wakazifanye, kazi mpya wazipatazo vijana wetu, na vitu tuvinunuavyo kwa fedha zitokazo humo. Msiyadharau kwa udogo wake. Dini ya mtu haijulikani msikitini peke yake. Hujulikana zaidi pale afunguapo mfuko wake.

Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini riziki yangu Mwenyezi Mungu ameiweka mbali. Miaka kadhaa sasa nina duka dogo Chwele, katika kaunti ya Bungoma, upande wa Mlima Elgon, nchi ya ndugu zetu Wabukusu. Soko la Chwele ni mashuhuri magharibi yote ya Kenya. Mahindi, maharagwe, vitunguu, ndizi na kuku huteremshwa hapo kutoka mashambani, na wachuuzi huja na malori yao kutoka miji ya mbali. Nafaka huko aghlabu haipimwi kwa mizani. Hupimwa kwa gorogoro, nayo ni mkebe wa bati uchukuao kadiri ya kilo mbili, kama wazee wetu wa Pwani walivyopima kwa kibaba na pishi.

Siku moja ya soko nilinunua maharagwe gorogoro tano. Nilipofika nyumbani, mama watoto akayapima tena kwa mkebe wetu, zikatoka nne na kidogo. Nikarudi sokoni, nikaupindua mkebe wa muuzaji, nikaona chini umegongwa kwa nyundo mpaka bati limeingia ndani. Juu ulikuwa ukijaa mpaka pomoni, macho ya mnunuzi yakaridhika. Khiana ilikuwa chini, pasipoonekana.

Usiku ule baada ya isha niliwakusanya watu wa nyumbani, nikawapa darasa refu. Nikawaeleza kwamba katika Qur'ani iko sura nzima, ya 83, iitwayo al-Mutaffifin, iliyofunguliwa kwa onyo kali juu ya watu ambao wakipimiwa hutaka yao yatimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Nikawakumbusha pia jinsi Mtume (s.a.w.) alivyopita sokoni akatia mkono wake ndani ya chungu ya nafaka, vidole vikatoka na umajimaji. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini asiyaweke yaliyorowa juu, watu wakayaona, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Nilisema kwa sauti kubwa, na nafsi yangu ikafurahi kwa vile nilivyokuwa nimedhulumiwa.

Wote walipokwenda kulala, akabaki mmoja. Huyu ni kijana wa dada yangu, ambaye amenipa idhini niandike khabari zake bila ya kumtaja jina. Alimaliza chuo kikuu, akarudi na shahada ya biashara, akagonga milango ya maofisi miaka miwili bila ya kufunguliwa. Mama yake akaniletea Chwele anisaidie dukani. Baadaye akaniambia amepata kazi mpya kwenye mtandao. Nikamshukuru Mungu wala sikuuliza zaidi. Akanunua kompyuta kwa kulipa kidogo kidogo, akawa hulala mchana na kukesha usiku. Ilipofika Idd alimnunulia mama watoto doti ya leso, na mimi akaninunulia kanzu nzuri yenye darizi kifuani. Nikaivaa kwenda kusali, na kila aliyeisifu nilimwambia, "Hii ni ya kijana wangu."

Usiku ule akaniuliza, "Mjomba, gorogoro yangu mimi ni nzima au imegongwa?"

Nikamwambia sifahamu maana yake. Akasema, "Kazi yangu ni kuwaandikia insha wanafunzi wa vyuo vya Marekani, Uingereza na Australia. Mwalimu wao huwapa kazi, wao hutoa fedha, mimi huandika, wao hutia majina yao wakapata maksi. Hata akaunti nifanyiayo kazi si yangu. Nimeinunua kwa mtu, nayo ina jina lake."

Nikanyamaza kidogo, kisha nikamjibu, "Mwanangu, hao ni watu wa mbali, nao wamependa wenyewe. Wewe huibi. Kula riziki yako." Akasema, "Haya, mjomba," akaondoka.

Ndugu zangu, nakiri mbele yenu: lile lilikuwa jawabu la kanzu, halikuwa jawabu la elimu. Nilikuwa nimetoka kumhukumu mtu wa soko kwa maharagwe pungufu, na papo hapo nikampitisha wa nyumbani kwangu kwa kuwa nilikuwa nimevaa sehemu yangu.

Mwenyezi Mungu alitaka nizinduke kwa njia nyingine. Tangu mtaala mpya ulipoanza kufundishwa nchi nzima mwaka 2019, watoto wetu huja nyumbani na kazi nyingi za mikono. Binti yangu mdogo aliambiwa atengeneze chombo cha kupimia mvua kwa chupa ya plastiki. Nikaona atachelewa kulala, tena atakikata vibaya. Nikakitengeneza mimi dukani, nikakata vizuri, nikapiga mistari sawasawa kwa rula. Asubuhi akakichukua. Mwalimu akakisifu sana, kisha akamwita mbele awaeleze wenzake kinavyopima. Mtoto hakujua la kusema. Alirudi nyumbani macho mekundu, akaniambia, "Baba, kimesifiwa chombo chako, nimechekwa mimi."

Maneno hayo yalinikalia moyoni kuliko waadhi wowote. Nilidhani nimemsaidia, kumbe nilimnyang'anya usiku mmoja wa kujifunza, nikampa sifa asiyoweza kuibeba. Na nikaona dhahiri kwamba kazi niliyomfanyia binti yangu kwa huruma ni ile ile kijana wetu aliyokuwa akiwafanyia watu wazima kwa ujira.

Basi tuitazame khabari hii kwa haki. Sisi Waswahili cheti cha chuo kikuu twakiita shahada. Neno hili halikutujia bure. Shahada ni ushahidi. Chuo kinaposema kwamba fulani ana shahada ya uuguzi au ya hesabu, kinashuhudia mbele ya watu kwamba fulani anajua kazi hiyo, wamwamini. Mgonjwa hataulizia insha ziliandikwa na nani. Atanyosha mkono adungwe sindano. Mwenye duka atampa daftari lake la fedha. Wote hao wananunua kwa kutazama juu ya mkebe. Ikiwa elimu iliandikwa na mtu mwingine, ushahidi ule ni wa uwongo, na kila aliyeuandika, aliyeuuza na aliyeununua ana fungu lake. Nanyi mwajua ushahidi wa uwongo katika dini yetu umehesabiwa pamoja na madhambi makubwa.

Atasema mtu: mnunuzi ameridhia, nani aliyedhulumiwa? Jawabu ni kwamba aliyeridhia ni mmoja tu. Hawakuridhia mwalimu anayedanganywa, wala mwanafunzi mwenzake aliyekesha akaandika yake kwa jasho, akapata maksi chache, wala mgonjwa niliyemtaja. Kuridhiana kwa wawili juu ya haki ya mtu wa tatu hakuifanyi haki hiyo kuwa yao.

Mwingine atasema kama nilivyosema mimi: hao ni watu wa mbali, wala si wa dini yetu. Ndugu yangu, kumbuka usiku Mtume (s.a.w.) alipohama Makka, mwaka 622. Makureshi walikuwa wamekusudia kumwua, na amana zao zilikuwa nyumbani kwake. Je, alizichukua akasema hizi ni mali za maadui? Alimwacha Sayyidna Ali nyuma, katika hatari ile, amrudishie kila mtu chake. Uaminifu wa Mwislamu haupimwi kwa masafa.

Tena yafaa tujiulize twasemaje yanapotufika sisi. Matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 wa mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2015 nchini Kenya yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu, na mwezi wa Machi 2016 bodi ya baraza la mitihani ikavunjwa. Vibarazani kote ilisemwa kwamba taifa linaharibiwa. Je, lililokuwa uharibifu kwetu lawaje biashara halali likifanywa kwao? Na wenyewe wamekwisha kusema: Australia ilitunga sheria mwaka 2020 ya kukataza kuuza kazi hizi, na England ikakataza mwaka 2022. Sheria hizo zawaelekea khasa wauzaji. Kisha ilipotokea mashine ya ChatGPT, mwezi wa Novemba 2022, wanunuzi wengi wakaona wana mwandishi wa bei rahisi zaidi, na vijana wengi waliokuwa wakikesha wakakosa kazi hata kabla ya kutubu. Na mwanafunzi wetu anayeiambia mashine imwandikie, kisha akatia jina lake, ajue kwamba mkebe ni ule ule. Nyundo tu ndiyo mpya.

Nilimwita kijana wangu dukani, mchana, nikamwambia, "Mwanangu, ile siku nilikujibu vibaya. Gorogoro yako imegongwa, na mimi nilikusaidia kuificha." Akainama, akasema, "Nilijua, mjomba. Nilitaka tu mtu mwingine aseme." Kazi mbili alizokuwa amezichukua akazirudisha, wala hakukubali nyingine. Deni la kompyuta lilikuwa halijesha. Miezi mingi tulibana matumizi nyumbani, na mama yake kule Mombasa, aliyezoea kuletewa chochote kila mwezi, alinipigia simu akilia kwamba nimemfungia mwanawe mlango. Sikuwa na jawabu jepesi la kumpa. Sasa kijana huwatengenezea wachuuzi wa soko hesabu zao, na jioni hufundisha watoto hisabati. Haandiki jawabu lao, bali huketi nao mpaka waandike wenyewe. Apatacho hakifikii nusu ya kile cha zamani. Usiku analala.

Ama ile kanzu, maulamaa wetu husema kwamba mali ya namna hiyo, ikiwa haiwezekani kumrudishia mwenyewe, hutolewa kwa maskini, na mtoaji asitazamie thawabu ya sadaka. Ni kujisafisha tu. Nikakadiria thamani yake, nikaitoa. Sioni fahari kulisema hilo. Nalisema ili aliye na kanzu kama ile ajue mlango uko wazi.

Limebaki neno moja, nalo natwambia sisi wenye nywele nyeupe, wenye maduka na maghala na majumba ya kupangisha. Ni rahisi kumwambia kijana, "Acha, hiyo haramu." Lakini akiacha, aende wapi? Nani kati yetu amemwita kijana aliyesoma akampa daftari lake, kwa ujira wa haki, ulipwao kabla jasho halijakauka? Harusini twauliza mtu ana shahada gani. Hatuulizi anajua nini. Twawasifu waliorudi na magari, wala hatuwaulizi yametoka wapi. Kumtaka kijana aitimize haki yote ya dini, na sisi tukampunguzia haki yake ya kusaidiwa, ni kupokea kwa mkebe mzima na kutoa kwa mkebe uliogongwa. Tukifanya hivyo, ile sura niliyowasomea watu wa nyumbani kwangu kwa sauti kubwa yatusoma sisi.

Basi wewe mzazi, mwache mwanao akate chupa yake vibaya. Mstari uliopinda wa mkono wake ni bora kuliko ulionyoka wa mkono wako. Ewe kijana, kabla ya kuifurahia kazi mpya, uliza yatokayo mikononi mwako yatashuhudia nini na kwa jina la nani. Nawe mwenye mali, pindua mkebe wako mwenyewe utazame chini, kabla hujapindua wa mwenzio.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze na halali yake, awafungulie vijana wetu milango ya kheri, awape subira mama zao, na asitufanye katika wale waliopunguza. Amin.