Kitabu cha Kusikilizwa: Tuchague Kipi?



Mtume Paulo aliwafundisha Warumi ya kuwa imani huingia kwa njia ya kusikia. Lakini si imani peke yake ipitayo njia hiyo. Kiburi nacho hupita, na uongo pia. Jicho lina kope, bali sikio halina mlango. Siku hizi watu wengi wana vitabu vya kusikilizwa katika simu zao. Basi yatupasa kuuliza tuvichague namna gani.

Swali hili nililetewa hapa Kambove kwa ajili ya mzee mmoja, mchimba shaba wa zamani, ambaye macho yake yamezimika. Mjukuu wake anayesoma Likasi humsomea vitabu kwa sauti, huinasa sauti hiyo katika simu, na akija mwisho wa juma humwachia babu yake asikilize. Kijana aliniomba nimwandikie orodha ya vitabu. Nami, bila kufikiri sana, nikaandika maisha ya watakatifu, na hadithi za kubuni nikazikataa zote. Nilisema moyoni: Mzee huyu hana miaka mingi mbele yake, ya nini kumlisha mambo yasiyotukia?

Baada ya miezi miwili mzee akaniita. Akasema, “Mwalimu, umeniletea watu wema tu. Hakuna hata mmoja aliyemkasirikia mwanawe. Mimi nitasali pamoja na nani?” Majirani wote wanajua kwamba yeye na mwanawe wa kwanza hawajasalimiana tangu miaka mingi.

Niliona aibu. Nilidhani nimemchagulia ukweli, kumbe nilikuwa nimemchagulia woga wangu.

Tutazame basi aina tatu za vitabu. Kuna maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwingine. Kuna maisha ya mtu yaliyoandikwa na yeye mwenyewe. Na kuna hadithi ya kubuni. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alituachia zote tatu: aliandika habari za Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, aliandika maisha yake mwenyewe, tena akabuni Kusadikika, nchi isiyokuwako duniani. Je, katika kitabu hiki cha mwisho alisema uongo? Hasha. Mtakatifu Augustino, aliyeandika kitabu kizima juu ya uongo karibu na mwaka 395, alifundisha kwamba dhambi yake imo katika nia ya kudanganya. Anayebuni hadithi, na msikilizaji akijua ya kuwa imebuniwa, hamdanganyi mtu. Bwana wetu mwenyewe hakutaja jina la mwana mpotevu wala la kijiji chake. Na nabii Nathani, kama angaliingia kwa mfalme Daudi na mashtaka, labda mfalme angalijitetea. Lakini alimsimulia habari ya mwana-kondoo wa maskini, na Daudi akajihukumu kwa kinywa chake mwenyewe.

Kila aina ina deni lake. Anayeandika maisha ya mwingine anadaiwa ushahidi, na asifiche. Injili zote nne zinasimulia jinsi Petro alivyomkana Bwana, ingawa Petro ndiye mkubwa wa Mitume. Maisha ya mtakatifu yasiyo na jaribu hata moja humnyima msikilizaji tumaini, maana atasema: Huyu hakuwa mtu kama mimi.

Anayeandika maisha yake mwenyewe anajua mengi, lakini ni shahidi katika kesi yake mwenyewe. Katika orodha yetu ya pili tulitia habari za Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ambaye mwaka 1887 alifanywa liwali wa Stanley Falls, na ambaye alisimulia maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufa Unguja mwaka 1905. Mzee aliniambia, “Nilianza kumpenda mtu yule, kwa kuwa alisema ‘mimi’ kwa sauti ya mjukuu wangu.” Hapo ndipo hatari ya kitabu cha kusikilizwa: sauti tunayoiamini humkopesha mgeni imani yetu. Basi tukamtafutia habari za Adrian Atiman. Huyu alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea uganga Malta, akawa katekista na mganga huko Karema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hata alipofariki mwaka 1956. Naye aliandika maisha yake. Aliyeuza na aliyeuzwa, kila mmoja anasema “mimi”. Mwenye kumsikiliza mmoja tu amesikia nusu ya shauri.

Kwa hiyo, kabla ya kusikiliza, tuulize: Nani anasema? Ananidai niamini nini, kwamba jambo hili lilitukia, au kwamba mwanadamu ndivyo alivyo? Na nani hakupewa nafasi ya kusema? Naye anayemsomea mwingine ataje kwanza jina la mwandishi, na kama ni hadithi ya kubuni aseme wazi. Tena anayemchagulia mwingine asiifanye hofu yake kuwa ukuta.

Sitawaambia ya kuwa mzee amekwisha kupatana na mwanawe, bado. Lakini juzi alimwomba mjukuu amsomee mara ya pili mfano wa mwana mpotevu. Walipofika pale kaka mkubwa anapokataa kuingia nyumbani, alisimamisha simu, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, “Kumbe baba ndiye aliyetoka nje kumsihi.”

Mungu atujalie masikio yenye kusikia, na miguu yenye kutoka nje.