Asiyekuwapo na Lake Halipo

Zipo methali ambazo mwalimu huzifundisha mwaka baada ya mwaka bila kuulizwa neno, hata siku moja mwanafunzi akanyosha mkono, na mwalimu akatambua kuwa alikuwa akiifundisha kwa mdomo tu. Jambo hilo lilitupata mwezi Agosti 2022 katika shule moja ya sekondari mjini Kampala, tulipokuwa tukieleza methali isemayo, "Asiyekuwapo na lake halipo." Tulieleza kama tulivyozoea: kwamba shauri huamuliwa na waliokaa barazani, na wagawanao hawamkumbuki aliye safarini. Ndipo kijana mmoja, mzaliwa wa Rutshuru nchini Kongo, alipouliza: "Mwalimu, na aliyefukuzwa je? Naye lake halipo?"

Swali lilituchoma kuliko alivyokusudia. Siku ile ilikuwa Jumanne, tarehe 9, nasi kabla ya kuingia darasani tulikuwa tumesimama foleni ubalozini kumchagua rais wa Kenya, nchi tuliyozaliwa lakini ambayo hatukuwa tumeishi kwa miaka kumi na mmoja. Wino wa kura ulikuwa ungali kidoleni. Wanafunzi walikuwa wakiutazama huku tukiwaambia kuwa asiyekuwapo na lake halipo!

Kwa wasomaji wasioufahamu utaratibu wenyewe, tueleze kwa ufupi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 82, iliagiza Bunge litunge sheria ya kuwasajili hatua kwa hatua raia wanaoishi nje, na kuitimiza hatua kwa hatua haki yao ya kupiga kura. Mwaka 2013 vituo vilifunguliwa kwa mara ya kwanza katika nchi nne za Jumuiya yetu: Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Mwaka 2017 ikaongezwa Afrika Kusini. Mwaka 2022 nchi zikafika kumi na mbili, na waliosajiliwa huko walikuwa 10,443. Wenzetu wa Rwanda wao wamekwisha kuzoea jambo hili, hata walioko nje hutangulia: mwaka 2024 walipiga kura tarehe 14 Julai, na walioko ndani wakapiga kesho yake. Tanzania katika uchaguzi wa 2020 na Uganda katika ule wa 2021 hazikuwa na vituo ng'ambo. Mwalimu wa nchi hizo aliyekuwa akifundisha nje, akitaka kuchagua, ilimbidi arudi kwao.

Nasi tuliwahi kurudi kwetu. Mwaka 2017 tulipanda basi la usiku kutoka Kampala, tukavuka mpaka wa Busia alfajiri, na saa mbili baadaye tulikuwa kijijini tukinywa chai kwa Mama. Tulipewa karatasi sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya mwakilishi wa wanawake, na ya mwakilishi wa wadi. Lakini tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa rais, ukarudiwa tarehe 26 Oktoba, nasi ruhusa ya pili hatukuipata kazini. Kwa sababu hiyo tuliuhamishia usajili wetu Kampala. Tulidhani tumeondoa tatizo.

Siku chache kabla ya kura ya 2022 tulimpigia Mama simu kumjulisha kuwa safari hii hatutakuja, kwani tutapigia kura huku huku. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Mwanangu, utamchagua wa kututawala sisi, halafu wewe utalala wapi?"

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Katika vitabu vya siasa hoja ile ya Mama huandikwa kwa kurasa nyingi, wala haizidi pale alipoifikisha yeye kwa sentensi moja. Wahenga nao walikwisha kusema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Rais tuliyemchagua akipandisha kodi ya unga, sisi tunanunua unga wa Kampala. Akizivuruga shule, watoto wetu wanasoma Uganda. Kura ni amri juu ya maisha ya watu, na ni vigumu kumtetea atoaye amri ambayo haitamfikia. Mtu akiwa mbali huweza hata kuwa na ujasiri usio wake: humpenda mgombea mkali, hupenda maneno ya moto, kwa kuwa moto ukiwaka hautamuunguza yeye. Tumewasikia wenzetu kadhaa wakizungumza hivyo katika mikahawa ya Kampala, na haifai tujifanye kuwa hatukuwamo.

Wengi wakiulizwa swali hili hujibu kwa fedha. Wakenya walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4 katika mwaka 2022. Basi, husemwa, atumaye fedha asinyimwe sauti. Hoja hii hatuipendi hata kidogo. Kama kura hununuliwa kwa fedha itumwayo, basi anayetuma nyingi apewe kura mbili, na Mama, ambaye hatumi bali hupokea, atakuwa anapiga kura kwa hisani ya wanawe. Na yule binti aliyekwenda kutumika katika nyumba ya watu Uarabuni, akazuiliwa mshahara, asiweze kutuma hata senti, yeye atapoteza uraia pamoja na ujira wake? La hasha. Tuliondoa sharti la mali katika kura zetu pamoja na wakoloni waliotuwekea. Tusilirudishe kwa njia ya posta.

Lakini tukimtaja binti huyo tumekwisha kuligusa jibu lililo bora. Zitazame nchi kumi na mbili za mwaka 2022: Falme za Kiarabu zimo, Qatar imo, Saudi Arabia haimo, ingawa wasichana wa Kenya walioko huko kazini ni wengi mno. Mtumishi wa nyumbani mjini Riyadh humhitaji rais wa Kenya kuliko sisi, na pengine kuliko Mama. Masharti ya kazi yake hutegemea mapatano ya serikali mbili. Pasipoti yake ikichukuliwa na mwajiri, mlango pekee awezao kuubisha ni wa ubalozi, na kama mlango huo utafunguliwa au la ni jambo linaloamuliwa na serikali ya nyumbani. Kwa hiyo si kweli kwamba amri ya kura haimfikii kila aliye mbali. Kuna kitanda kilichoko ng'ambo ambacho hutandikwa Nairobi.

Hapo ndipo tulipoanza kuifikiria upya ile karatasi moja tuliyopewa ubalozini. Mpiga kura wa nje hupewa karatasi ya rais peke yake; zile tano hazimhusu. Mwanzoni tulinung'unika. Zahanati isiyo na dawa, ambayo Mama huilalamikia kila tunapozungumza, iko chini ya kaunti, na gavana hatukumpigia kura. Njia ya shambani ambayo mvua ikinyesha haipitiki, hiyo nayo hatukuwa na neno juu yake. Tulipewa karatasi iliyo mbali kuliko zote na ua wa Mama. Hata hivyo, kadiri tulivyoendelea kufikiri, tuliona kuwa sheria, ama kwa hekima ama kwa kuogopa gharama, ilikuwa imegusa jambo la haki. Rais ndiye anayetufikia huku tuliko. Zahanati huwafikia walioko kule, nao ndio wanaojua ni muuguzi yupi huja kazini na ni yupi huja siku ya mshahara. Kura ifuate jambo mpaka pale jambo linapofika. Mama akipewa karatasi sita nasi moja, hatukupunjwa.

Atasema mtu kuwa tunajadili kitu kisicho na uzito, kwa kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwaka 2022 mshindi alimpita wa pili kwa kura 233,211. Wote 10,443 waliosajiliwa nje wangemwendea mgombea mmoja, mizani isingebadilika. Ni kweli. Lakini hata kura ya Mama peke yake haikuibadilisha mizani, wala hatujasikia mtu akimshauri akae nyumbani.

Afrika Kusini waliwahi kulipima jambo hili mahakamani, na aliyelipeleka, tunafurahi kusema, alikuwa mwalimu. Willem Richter wa Pretoria alikuwa akifundisha Uingereza. Sheria ya wakati ule iliwaruhusu kupigia kura ng'ambo waliokwenda likizo, waliokwenda kwa safari ya biashara, waliokwenda masomoni, hata waliokwenda michezoni. Lakini aliyekwenda kufanya kazi kama Richter hakuruhusiwa. Mshangiliaji wa mpira alikuwa raia kamili, na mwalimu si kitu! Tarehe 12 Machi 2009 Mahakama ya Katiba ikaamua kuwa ubaguzi huo haupatani na Katiba, na mwezi uliofuata walioko nje waliokuwa wamekwisha kusajiliwa wakapiga kura. Miaka kumi kabla ya hapo, katika shauri la wafungwa, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeeleza kuwa kura ya kila mtu ni alama ya heshima na utu wake. Katika nchi ambayo walio wengi walinyimwa kura hadi 1994, neno hilo halikuwa pambo la hukumu.

Hata hivyo twaona kuwa Richter, pamoja nasi, tuliondoka kwa hiari. Swali la kijana wetu halikuwa juu ya aliyeondoka. Lilikuwa juu ya aliyefukuzwa.

Tarehe 20 Desemba 2023 Kongo ilifanya uchaguzi, na kwa mara ya kwanza Wakongo walioko nje wakapiga kura, katika nchi tano: Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Kanada na Marekani. Uganda, yenye mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo, haikuwamo. Kule Rutshuru na Masisi kwenyewe, kwa sababu ya vita, uchaguzi haukufanyika. Wiki ile tulimkuta kijana wetu akimsaidia mama yake kuuza vitenge. Alikuwa ametimiza miaka kumi na minane. Hatukumuuliza chochote, yeye ndiye aliyeanza.

"Mwalimu, waliopanda ndege wamepiga kura. Sisi tuliotembea kwa miguu, bado."

Tunajua yanayoweza kujibiwa. Mkimbizi huweza kushurutishwa na wakubwa wa kambi. Nchi mwenyeji huenda isitake siasa za jirani katika ardhi yake. Na katika mashariki ya Kongo hata swali la nani ni raia limekwisha kumwaga damu. Hayo ni mazito, wala hatuyadharau. Lakini wakimbizi wa Bosnia walipiga kura katika nchi walizokimbilia mwaka 1996, na wa Afghanistan wakapiga Pakistan na Iran mwaka 2004. Hivyo haiwezi kusemwa kuwa jambo hili halitendeki.

Na ukilirudia swali la Mama, "Utalala wapi?", hakuna wa kulijibu kama mkimbizi. Sisi tunalala Kampala kwa kupenda. Yeye analala Kampala kwa sababu ya serikali na majeshi, na usiku atakaorudi kulala Rutshuru hutegemea nani anatawala na anatawala vipi. Kura ambayo ingemfikia kuliko wote ndiyo aliyonyimwa. Tukizipanga haki hizi kwa uzito wake, yeye angetangulia, akafuata yule binti wa Riyadh, na sisi, ambao tukipanda basi jioni tunafika kwa Mama asubuhi, tungekuwa wa mwisho kabisa. Ajabu ni kwamba katika orodha ya Kenya, sisi wa nchi za karibu ndio tuliofunguliwa vituo kwanza, mwaka 2013.

Hatusemi kituo cha Kampala kifungwe. Wapo wasio na nauli, wapo wagonjwa, na wapo wenye mabwana wasiotoa ruhusa. Tunasema habari zetu tu. Uchaguzi ujao wa Kenya umepangwa kufanyika Agosti 2027, nasi tumeazimia kuurudisha usajili wetu kijijini, tupewe zile karatasi sita, na kabla ya kuzijaza tukae na Mama siku mbili atueleze habari za zahanati.

Tulipomwambia hayo kwa simu, aliuliza kama shuleni watatupa ruhusa.